Kuikumbuka Njia Nzima

Neno kwa vijana wanaomaliza shule, na kwa sharika zinazowapokea

Soma: Kumbukumbu la Torati 8, mstari wa 1 hata wa 10



Septemba na Oktoba ni miezi ya mahafali katika nchi yetu ya Tanzania. Karibu kila Jumamosi wachungaji na wainjilisti huitwa kwenda shule hii na ile, kuwaombea vijana wa kidato cha nne wanaoagana na walimu wao. Mmeziona siku hizo. Turubai hufungwa uwanjani. Wazazi hufika tangu asubuhi na mashada ya maua na zawadi zilizofungwa kwa karatasi za rangi. Vijana wa kidato cha tatu huimba wimbo wa kuwaaga ndugu zao. Mgeni rasmi huketi mbele, penye meza ya kitambaa cheupe. Kisha husimama kijana mmoja na binti mmoja, wakashika karatasi kwa mikono inayotetemeka kidogo, wakasoma risala.

Katika risala hiyo huyakumbuka mengi. Hukumbuka siku waliyoingia na masanduku yao ya bati, wadogo, wenye hofu, wasiojua bweni liko wapi wala wamwamkie nani. Hukumbuka kengele ya alfajiri, zamu ya kuni na zamu ya maji, makande ya jioni, mwalimu aliyewakemea na mwalimu aliyewavumilia. Hapo wengine hucheka na wengine hulia, na mara nyingi wanaocheka na wanaolia ni watu wale wale. Nasi tuliokwisha kupita huko zamani twajikuta tumerudi miaka mingi nyuma, hata tukiitwa kuomba hutukuta hatuko tayari.

Sisi tulimaliza mwaka 1998, katika shule moja ya bweni ya milima ya Usambara. Palikuwa pahali pa baridi. Mwezi wa Julai ukungu ulishuka hata madirishani, nasi tulikwenda kuoga huku tukiimba kwa sauti kuu, si kwa ajili ya uzuri wa wimbo, bali maji yasituogofye. Kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la gari, kimetundikwa katika mkaratusi. Usiku umeme ulipokatika tulisoma kwa karabai moja darasa zima: aliyekaa karibu na taa alisoma kwa macho, na aliyekaa mbali alisoma kwa masikio. Siku zile tuliziona ndefu na ngumu. Leo twaziona fupi na tamu. Basi na tuulize: kumbukumbu hii tuliyo nayo ni kitu gani mbele za Mungu? Je, ni anasa ya moyo tu, au ni kazi tuliyopewa?

Kwanza, kukumbuka ni agizo.

Israeli wamefika ukingo wa Yordani. Wametembea jangwani miaka 40, na nchi waliyoahidiwa i mbele ya macho yao ng'ambo ya mto. Twaweza kusema ya kuwa hiyo ni siku yao ya mahafali. Naye Musa mwalimu wao asimama kuwaaga. Hawaambii kwanza habari za mashamba na visima watakavyovikuta huko. Awaagiza kwanza wageuke, waitazame njia waliyopita, njia nzima, jinsi Bwana alivyowaongoza, akawanyenyekeza, akawaacha waone njaa, kisha akawalisha mana wasiyoijua wao wala baba zao. Awakumbusha hata mambo madogo: kwamba nguo zao hazikuchakaa mwilini, wala miguu yao haikuvimba kwa safari.

Tazameni, wapenzi, Mungu hakuona haya kuzungumza juu ya nguo na miguu. Basi wala ninyi msione haya kumshukuru kwa ajili ya viatu vilivyoshonwa mara tatu na bado vikafika kidato cha nne. Kwa ajili ya mama aliyeuza ndizi sokoni ili mpate madaftari. Kwa ajili ya mpishi aliyeamka saa tisa za usiku kuwasha moto wa uji. Hayo ndiyo mana yenu. Mlikula kila siku, wala hamkujua imetoka wapi.

Tena mtazameni Musa mwenyewe. Yeye hatavuka. Awafikisha watu mtoni, awapa neno la mwisho, wao wavuka naye abaki. Ndivyo ilivyo kazi ya mwalimu. Kila mwaka huwafikisha vijana ukingoni, huwapungia mkono, kisha hurudi kuanza tena na watoto wa kidato cha kwanza wasiojua bweni liko wapi. Kijana, kabla hujabeba sanduku lako, nenda ukamshike mkono mwalimu wako, na yule mwalimu mkali umtangulize. Mavuno yake yote huvunwa katika mashamba ya watu wengine.

Pili, iko kumbukumbu isiyo ya kweli.

Israeli hao hao walikumbuka mara nyingine pia, nako kukumbuka huko hakukumpendeza Bwana. Twasoma habari hiyo katika Hesabu, mlango wa 11. Walichoka na mana, wakaketi wakalia, wakikumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na mboga, na vitunguu, na vitunguu saumu. Vyakula vyote walivikumbuka kwa majina, wala hawakusahau hata kitunguu. Lakini matofali waliyasahau. Fimbo za wasimamizi walizisahau. Watoto waliotupwa mtoni waliwasahau. Kumbukumbu yao ilikuwa kama chujio lililotobolewa vibaya: lilishika matamu likaachilia kweli ipite.

Nasi tujihadhari. Mtu akifika miaka 40 na zaidi, hupenda kusema ya kuwa shule za zamani zilikuwa bora, na vijana wa zamani walikuwa na adabu, na makande ya zamani yalikuwa na ladha. Mhubiri, katika mlango wake wa 7, atuonya tusiulize mbona siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, kwa kuwa swali hilo halitoki katika hekima. Wako waliofurahi katika shule zetu, na wako waliolia usiku chini ya blanketi wasisikiwe na mtu. Walikuwa katika bweni moja, nao walipigiwa kengele moja.

Martin Luther ni mfano mwema katika jambo hili. Alipokuwa mtu mzima alizisimulia siku zake za shule, wala hakuzipaka asali. Alikumbuka jinsi alivyopigwa mara 15 asubuhi moja katika shule ya Mansfeld. Alikumbuka pia ya kuwa alipokuwa mwanafunzi Eisenach alipita milangoni pa watu akiimba apewe mkate. Fimbo aliikumbuka na mkate aliukumbuka. Naye kumbukumbu hiyo hakuifanya hadithi ya kujifurahisha na wageni mezani. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akawasihi waanzishe shule na kuzitunza. Na mwaka 1530 akaandika hotuba ndefu ya kuwahimiza wazazi wasiwazuie watoto wao kusoma. Humo aliwaonya watu wasiwadharau wanafunzi maskini waombao mkate mlangoni, kwa maana yeye naye alikuwa mmoja wao. Kumbukumbu ya njaa yake mwenyewe ikawa mkate wa watoto wengine. Kukumbuka kwa namna hiyo ndiko kunakompendeza Mungu.

Tatu, yako makosa yetu njiani.

Hapa tutasimulia jambo ambalo hatukupenda kulisimulia. Lakini mchungaji awatakaye wengine waikumbuke njia nzima, naye hana budi kuikumbuka yake.

Katika darasa letu palikuwa na mwenzetu mmoja, hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Kengele ya kulala ilipokwisha kulia, alikaa kitandani mwake akatueleza kwa sauti ya chini, kwa Kisambaa, yale ambayo mwalimu aliyaeleza kwa Kiingereza na sisi hatukuyashika. Wengi wetu tuliofaulu hesabu tulifaulu kwa kinywa chake. Mwaka 1997, tulipokuwa kidato cha tatu, yalisomwa mbele ya mstari majina ya wasiomaliza ada, na jina lake likawamo. Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa Machi. Sisi wanne wa dawati lake tulimsindikiza hata barabarani, tukampokezana sanduku, nasi tukamwahidi ya kuwa kila mwezi tutampelekea madaftari yetu ayanakili, ili ada ikipatikana asiwe amebaki nyuma. Mwezi wa kwanza tulipeleka. Mwezi wa pili ulikuwa wa mitihani. Mwezi wa tatu hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Hata mwaka 1998 ulipofika, sisi ndio tuliochaguliwa kuandika risala ya mahafali. Tuliiandika kwa bidii siku nyingi. Baridi tuliitaja, na karabai, na kengele, na makande. Kisha tukaandika neno ambalo bado laandikwa katika risala nyingi hata leo: tulianza wanafunzi 84, na leo tunamaliza 71, wenzetu 13 wamepungua kwa sababu mbalimbali. Mwalimu aliisahihisha risala ile, wala mstari huo hakuugusa. Siku ya mahafali tulipousoma, watu walingoja tu tuendelee mbele. Sababu mbalimbali! Nasi sababu yake tuliijua. Tulikuwa tumelibeba sanduku lake kwa mikono yetu.

Miaka ikapita. Tulisoma Makumira, tukabarikiwa uchungaji, tukapewa usharika. Mwaka wa pili wa kazi yetu kanisa lilihitaji mabenchi, na wazee wa kanisa wakatupeleka kwa fundi seremala mmoja waliyemsifu. Tulipoingia karakana yake akainua macho, akaweka randa chini.

"Mchungaji, karibu," akasema. Kisha akatazama tena. "Ndugu yangu, ni wewe?"

Alitukalisha juu ya ubao, akatuuliza habari za wenzetu mmoja mmoja, kwa jina la kila mtu na jina la baba yake. Sisi tuliomaliza pamoja nao tulikuwa tumekwisha kuwasahau baadhi yao. Yeye hakusahau hata mmoja. Mwisho akasema, "Nilisikia ya kuwa wewe ndiwe uliyeandika ile risala. Waliisifu hata huku kijijini. Je, nami nilitajwa?"

Tukamjibu, "Ulitajwa kwa hesabu, ndugu yetu. Kwa jina hukutajwa."

"Basi nilihesabiwa," akasema, akainama tena juu ya ubao wake.

Hakulisema neno hilo kwa uchungu. Angalilisema kwa uchungu, tungalijua la kujibu. Tulimwomba msamaha kwa habari ya shule yake iliyokatika. Akatikisa kichwa, akasema, "Ada hamkuwa nayo, wala sikuwadai. Madaftari mlikuwa nayo." Kisha akatupa mkono wake, nao ulikuwa umejaa vumbi la mbao, akatusamehe. Yale mabenchi aliyatengeneza kwa wakati wake, nayo ni imara hata sasa. Kila Jumapili tupandapo mimbarini twayaona.

Mnakumbuka habari za mnyweshaji wa Farao, katika Mwanzo, mlango wa 40. Yusufu alimfariji gerezani, akamwomba neno moja tu: mambo yako yatakapokunyokea, unikumbuke. Mambo yakamnyokea, naye akasahau miaka miwili mizima. Hata alipokumbuka, tazameni alivyoanza: mbele ya Farao alianza kwa kuyataja makosa yake mwenyewe. Hapo ndipo mlango wa gereza ulipofunguka. Laiti angalisema tu ya kuwa siku zile gerezani kulikuwa na watu mbalimbali, Yusufu angalibaki shimoni.

Nne, Mchungaji mwema ahesabuvyo.

Bwana wetu katika Luka, mlango wa 15, asimulia habari za mtu mwenye kondoo 100. Jioni alihesabu akapata 99. Kwa hesabu za wanadamu huo ni ufaulu mkubwa; shule yoyote ingeutangaza. Lakini mtu yule hakuandika ya kuwa mmoja amepungua kwa sababu mbalimbali. Aliondoka akamtafuta hata akamwona, akamweka mabegani, akarudi akifurahi. Huyo ndiye Mungu wetu. Kwake hakuna aliyepungua tu. Yuko aliyepotea, yuko aliyefukuzwa, yuko aliyechoka, yuko aliyeugua, na kila mmoja ana jina, na kila jina lina njia ambayo Yeye yu tayari kuifuata.

Nanyi vijana mnaoagwa, fikirini ya kuwa mahafali yenu hufanyika kabla ya mtihani. Mtihani wa taifa ni mwezi wa Novemba, na mashada mmekwisha kuvikwa. Watu wa mataifa mengine wangeshangaa: mbona mnawasifu kabla hamjajua watafaulu au watashindwa? Lakini sisi tunaobatiza watoto wachanga hatushangai. Mtoto hupewa jina la mwana wa Mungu kabla hajafanya jema wala baya. Neema hutangulia, kazi hufuata. Basi matokeo yatakapotangazwa mwezi wa Januari, aliyepata daraja la kwanza akumbuke ya kuwa alivikwa shada kabla hajafaulu, asijivune. Na aliyepata sifuri akumbuke ya kuwa naye alivikwa shada lile lile, asikate tamaa. Na ninyi wazazi msimvue mtoto mwezi wa Januari shada mlilomvika mwezi wa Oktoba.

Sasa twataka kusema maneno machache ya kutenda, maana kumbukumbu isiyoinuka na kwenda mahali ni ndoto tu.

Ninyi vijana, kabla ya siku ya mahafali, ketini na daftari ya mahudhurio ya kidato cha kwanza. Someni majina yote. Wale wasiokuwapo andikeni majina yao, na kila mmoja wenu achukue jina moja, amtafute mwenzake, amwulize hali yake. Ikiwa bado ana nia ya kusoma, mpeni madaftari. Madaftari mnayo. Hata akiwa nje ya shule aweza kujiandikisha afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba asidhani ya kuwa mlango umefungwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali imeruhusu mabinti hao warudi darasani. Lakini ruhusa ni karatasi. Yahitaji mtu wa kumshika mkono na kufuatana naye hata langoni.

Ninyi wazee wa kanisa na wainjilisti, msiseme ya kuwa habari ya ada imekwisha. Ni kweli, tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali toka kidato cha kwanza hata cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita, nasi twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini sare haikuondolewa, wala madaftari, wala njaa ya mchana, wala njia ndefu ya kutwa. Na katika shule zetu za Kanisa ada ingaliko. Kila usharika na uwe na daftari moja yenye majina ya watoto wote wa usharika walioanza kidato cha kwanza, nayo isomwe katika baraza la wazee mara mbili kwa mwaka. Jina likikosekana shuleni, mtu mmoja atumwe nyumbani kwao juma lile lile. Mwezi wa kwanza ni rahisi kupeleka. Mwezi wa tatu ndio mpimaji wa upendo.

Mwaka jana vijana wa shule moja tuliyoitwa walikubali shauri hili. Walipofika penye mstari ule wa risala hawakusema sababu mbalimbali. Waliyasoma majina, yalikuwa tisa. Uwanja ulinyamaza. Watatu kati ya hao tisa walikuwa wameitwa, nao walikuwa wameketi nyuma, karibu na uzio, kwa nguo zao za kazi. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mkuu wa shule aliinuka mwenyewe akaenda kuwaleta mbele, wakaketi pamoja na wenzao, wakala chakula pamoja nao. Tumehudhuria mahafali mengi, lakini hatukupata kuona shukrani ya kweli kama ile.

Basi kumbukeni, wapenzi. Kumbukeni baridi na wimbo wa kuogea, karabai na kengele, mwalimu na mpishi. Furahini kwa ajili ya hayo, kwa kuwa furaha hiyo yatoka kwa Mungu. Lakini ikumbukeni njia nzima, na watu wake wote. Naye Bwana aliyetuongoza tusipojua tunapelekwa wapi, atusamehe ahadi tulizoziacha njiani, atupe siku ya kuzitimiza, na siku ya mwisho atukusanye sote ng'ambo ya mto, kila mtu kwa jina lake. Amin.